Watu Sita na Watu Watandatu: Habari za Hesabu na Ngeli

Mwalimu yeyote aliyefundisha huku Kolandoto, katika nchi ya Shinyanga, amekwisha kusoma katika daftari za watoto maneno kama "watu wasita" na "ng'ombe mbili". Desturi ni kupiga mstari mwekundu na kupunguza alama, na mtoto hurudi kwao akidhani hana akili ya lugha. Twataka kuonyesha hapa ya kwamba makosa haya mawili yana asili yake, na ya kwamba mtoto Msukuma ayafanyaye hafuati uvivu, bali kanuni aliyonyonya nyumbani, tena kanuni ya kale sana.

Na tuanze na sita. Kiswahili husema watu wawili, watatu, wanne, watano. Kisha husema watu sita, watu saba, pasipo kiambishi. Halafu kiambishi hurudi katika wanane, na kupotea tena katika tisa. Mgeni akiutazama mwendo huu huona kama hauna sheria. Sababu ni kwamba sita, saba na tisa ni maneno ya Kiarabu, yaliyopokewa pwani pamoja na biashara na elimu, na hayakuvishwa viambishi vya Kibantu. Yale ya asili yalikuwa tandatu, mfungate na kenda.

Lakini tusiharakishe kusema kwamba Kiarabu ndicho kilichoharibu mpango wote. Wakikuyu, ambao hawakuyapokea maneno hayo katika hesabu zao, husema andũ atandatũ kwa watu sita, andũ mũgwanja kwa saba, andũ anana kwa wanane, na andũ kenda kwa tisa. Hapo twaona kwamba saba na tisa za Kibantu nazo husimama pasipo kiambishi, kwa kuwa zina tabia ya jina linalojitegemea, kama lilivyo kumi, ambalo lina wingi wake makumi. Basi kilichopotea pwani ni kiambishi kimoja tu, cha sita. Na mahali hapo hapo ndipo mtoto wetu anapokirudisha, maana kwao husema banhu babili, banhu badatu, hata kufika banhu batandatu. Akiambiwa kwamba batandatu ni "watu sita", masikio yake huona neno limekatwa kichwa, naye hulitengeneza.

Maneno ya kale hayakuondoka siku moja. Edward Steere aliliandika kenda katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1870. Kamusi ya Kiswahili Sanifu kwa Kiingereza ya mwaka 1939 ililihifadhi. Fungate bado ni neno hai kwa siku za mapumziko ya maarusi, ambazo zamani zilikuwa saba, ingawa wengi walitamkao hawajui kwamba wanataja hesabu. Tandatu ndilo lililoachwa na watu wengi kupita yote.

Lugha kuwa na hesabu za aina mbili, za nyumbani na za kuazima, si jambo letu peke yetu. Wajapani wana hesabu zao za asili, hitotsu, futatsu, mittsu, hata tō, ambayo ni kumi. Pamoja na maandishi ya Kichina, zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, walipokea hesabu za Kichina pia: ichi, ni, san. Sasa hesabu hizi za kuazima kwa kawaida haziwekwi peke yake kando ya kitu kinachohesabiwa. Hutakiwa neno la kuonyesha kitu hicho ni cha aina gani. Watu huhesabiwa kwa nin. Vitu vyembamba na virefu, kama kalamu na miti, kwa hon. Vitu bapa, kama karatasi na sahani, kwa mai. Vitabu kwa satsu. Wanyama wadogo wana hiki, wanyama wakubwa kama ng'ombe na farasi wana tō, neno liandikwalo kwa alama ya kichwa, na ndege wana wa. Sungura naye, kwa desturi ya kale, huhesabiwa pamoja na ndege! Hata hivyo watu wawili wa kwanza wamebaki na maneno ya asili: mtu mmoja ni hitori, wawili ni futari, na watatu ndipo huwa sannin.

Ufanano na ngeli zetu waonekana, lakini una mpaka. Kwetu jina lenyewe hubeba alama yake hata kama hatuhesabu: mti ni mti, na wingi wake ni miti. Kwa Mjapani jina halina alama hiyo; aina yake hujulikana wakati wa kuhesabu. Sisi nasi tuna kitu cha namna hiyo sokoni, ambako khanga huuzwa kwa doti na ndizi kwa mkungu au chane.

Sasa turudi kwa ng'ombe, ambaye kwa Msukuma si neno dogo. Mjapani amemtenga na mtu. Kiswahili sanifu kimemweka pamoja na mtu: watu wawili, ng'ombe wawili, kwa kuwa wote wana uhai. Kisukuma hufuata umbo la jina: banhu babili, lakini ng'ombe ibili. Kwa hiyo mtoto aandikaye "ng'ombe mbili" amefuata umbo, kama afanyavyo mama yake azizini. Wala Kiswahili chenyewe hakikuiacha njia hiyo kabisa, kwa maana husema ndugu yangu mmoja: yangu yafuata umbo la jina, mmoja yafuata uhai wa mtu. Mwalimu akiandika maneno hayo matatu ubaoni, kando yake aandike banhu batandatu na watu sita, darasa litaona lenyewe mahali njia zinapoachana, na mstari mwekundu utakuwa na maelezo yake.

Na wale wanaosoma Biblia ya Union ya mwaka 1952 watalikuta kenda lingali mahali pake katika Luka 17, katika habari ya wakoma kumi waliotakaswa, ambapo mmoja tu alirudi.