Ndugu yako iko Kakwangura ao Kangbayi: namna ya kuendelea kupata habari zake

Mtu anakamatwa usiku Butembo, asubuhi jamaa inaanza kuzunguka. Wanapita kwa polisi, wanaambiwa ameshapelekwa kwa parke. Kwa parke wanaambiwa waende kwa oditora ya jeshi. Kule wanakuta jina haliko ku kitabu. Hapa redioni tunaletewa mara kwa mara tangazo la kutafuta kijana "aliyepotea tangu siku ya posho", kumbe iko kwa kasho, mitaa miwili tu na nyumbani kwao. Hana namna ya kupiga simu, juu simu njo kitu cha kwanza kinachukuliwa mtu akikamatwa.

Kwa hiyo tumekusanya hapa mambo ambayo jamaa inapaswa kujua ili mtu wao asipotee mikononi mwa serikali.

Tuanze na haki yenyewe, juu wengi wanafikiri kuongea na mfungwa ni huruma ya askari. Hapana. Katiba ya nchi yetu, kifungo cha 18, inasema mtu aliyewekwa kizuizini ana haki ya kuwasiliana mara moja na jamaa yake ao na avoka wake. Kifungo hicho hicho kinasema asipitishe masaa 48 mikononi mwa waliomkamata: ama aachiliwe, ama apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Kukitaja kwa upole pale pa mlango, bila kupandisha sauti, kunasaidia kuliko kulia. Tena kumbukeni kwamba hali ya dharura iliyoanza tarehe 6 Mei 2021 katika Kivu Kaskazini na Ituri iliwapa korti za jeshi kesi nyingi za jinai, hata za raia wasio askari. Njo maana muulize pande zote mbili, kwa parke na kwa oditora, hata kama mtu wenu ni mkulima ao dereva wa pikipiki asiyejua bunduki.

Majina yetu yanatupoteza

Hapa kuna jambo moja ambalo watu wanalizarau, na njo linaleta shida kubwa. Sisi Wanande tunapewa majina kwa kufuata namna ya kuzaliwa: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, kwa wasichana Masika, Katungu, Kavira na wengine. Ukifika ku gereza na kusema "namtafuta Kambale", umesema nini? Wako kumi ndani, pengine makumi. Mtu wa grefi atakujibu hajui, na hajakudanganya.

Muende na jina lote kama linavyoandikwa ku karte ya uchaguzi, jina la baba na la mama, kijiji cha kuzaliwa, na tarehe aliyokamatwa. Wakati mwingine kijana mwenyewe ametaja jina lingine kwa woga, ao askari ameandika vibaya kwa kufuata masikio yake. Uliza basi jina limeandikwa namna gani katika kitabu cha gereza, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya faili yake. Nakili ku karatasi. Kuanzia siku hiyo, mkate, barua, avoka, vyote vifuate lile jina la kitabu, hata kama lina kosa, mpaka litakaposahihishwa.

Barua ya mkono

Posta, tuseme ukweli, haiko tena njia ya kutegemea huku kwetu. Hakuna mtu wa kuleta barua mlangoni. Barua ya mfungwa inatembea kwa mkono: kwa mama anayepeleka chakula, kwa padri ao mchungaji anayeenda kusali na wafungwa, kwa avoka, kwa mtu anayetoka Butembo kwenda Beni, zile kilomita 54. Na kwa sababu jamaa nyingi njo zinalisha watu wao gerezani, kikapu cha bugali na sombe kimekuwa posta yenyewe. Lakini msifiche barua chini ya chakula! Ikionekana imefichwa, hata kama umeandika tu "mtoto amepona", inakuwa kesi ingine, na kikapu kesho hakiingii. Mpe askari wa mlango mkononi, ikiwa wazi.

Barua itasomwa na mtu mwingine mbele ya ndugu yako kuisoma. Andika ukijua hivyo. Kiswahili ao Kifaransa kinapita haraka zaidi; barua ya Kinande inaweza kukaa siku nyingi ikingojea mtu wa kuielewa. Usitaje askari wamepita wapi, wazalendo wako wapi, nani amekimbilia pori gani. Kwa mkoa wenye vita, na kwa mtu anayengoja korti ya jeshi, sentensi moja ya namna hiyo inaweza kumzamisha yeye na wewe mwandikaji. Mambo ya kesi yapite kwa avoka.

Nini basi cha kuandika? Mambo ya nyumba: mtoto anasoma darasa gani, deni la shule limelipwa, mihogo imevunwa, nani amezaa, nani amefariki. Juu ya kifo, wengine wanaficha wakisema watamwambia siku ya kutoka. Wafungwa wengi katika gereza zetu hawajahukumiwa bado, hiyo siku hakuna anayeijua. Atasikia kwa mfungwa mpya kutoka kijijini, na hatawaamini tena. Mimi naona ni bora asikie kwenu, na kama inawezekana, kwa mdomo wa mchungaji aliye karibu naye.

Weka tarehe juu ya kila barua na namba: barua ya 1, ya 2, ya 3. Akijibu "nimepata ya 1 na ya 3", mnajua moja imekwama.

Simu

Kwa kawaida mfungwa hana ruhusa ya kuwa na simu yake ndani. Wengine wanazipata, ndiyo, lakini ikikamatwa inachukuliwa naye anaadhibiwa. Msimtumie simu kwa kujificha. Muulize wakubwa wa gereza kama kuna simu inayoruhusiwa, saa gani, na nani anasimamia. Pale isipokuwepo, mtafute mtu mmoja wa karibu na gereza, anayeingia kwa ruhusa, ambaye mtampigia kila juma siku ile ile. Mmoja tu, si watano. Watano wanaleta habari tano.

Sasa onyo. Unapigiwa na namba usiyoijua: "Ndugu yako anaumwa sana, tuma feza kwa M-Pesa ao Airtel Money sasa hivi, anapelekwa hospitali." Pengine ni kweli, juu magonjwa na njaa gerezani si hadithi. Pengine ni mwizi aliyepata jina tu. Pangeni mapema na ndugu yenu swali ambalo jibu lake linajulikana nyumbani tu, kama vile jina la mbuzi aliyeliwa Noeli. Asiyejibu, msimtumie hata franka moja mpaka mtu wenu aende kuona kwa macho.

Gereza likivunjwa, mtu akihamishwa

Hapa kwetu tunajua hii. Tarehe 11 Juni 2017 Kangbayi ilishambuliwa, watu 11 wakafa na zaidi ya 900 wakatoka. Tarehe 20 Oktoba 2020 tena Kangbayi, zaidi ya 1,300. Usiku wa 9 kuamkia 10 Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, zaidi ya 800. Asubuhi ya siku kama hizo jamaa haijui kama mtu wao amekufa, amekimbia ao amechukuliwa porini kwa nguvu.

Kama anawapigia akiwa nje, msimfiche. Mpigieni avoka, naye apange namna ya kumrudisha kwa usalama. Mwaka 2020 kuna waliorudi wenyewe. Na kama alibaki ndani, muende kuomba iandikwe kwamba hakutoka, juu siku za baadaye jina lake linaweza kuchanganywa na ya watoro.

Kuhamishwa ni jambo lingine. Kuna wanaopelekwa Kinshasa, Makala ao gereza la jeshi la Ndolo, na wengine Angenga, mkoa wa Mongala. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema mfungwa apewe namna ya kujulisha jamaa yake mara moja akihamishwa. Ikiwa hamkujulishwa, muulize grefi ya gereza alikotoka: kunapaswa kuwa karatasi inayoonyesha alikopelekwa.

Kwa huko mbali, kikapu hakifiki. Kinachofika ni ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Wajumbe wa CICR wanatembelea wafungwa, wanachukua ujumbe wake, na wajitolea wa Msalaba Mwekundu wa Kongo wanautafuta mlango wenu. Ni karatasi isiyofungwa, ya habari za jamaa peke yake, bila siasa, bila vita, bila feza ndani. Hailipiwi: anayeomba "ya usafiri" anawaibia. Jibu linaandikwa ku karatasi hiyo hiyo, na linaweza kuchukua majuma ao miezi. Mkihama kwa sababu ya usalama, mwachie mkubwa wa mtaa na kanisa lenu namba ya simu mnakoenda, juu mjitolea atakuja kuuliza pale mlipokuwa mnakaa.