Kadi yako ya kliniki na bajeti ya VVU

Fedha za VVU hazigawanywi sawa kwa kila mkoa. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta Njombe ina maambukizi ya asilimia 12.7 na Kigoma 1.7, kwa watu wa miaka 15 na zaidi.

Lakini asilimia ya mkoa wa Arusha haiwezi kuonesha tofauti ya Karatu, ambako lami inapita mjini, na Ngorongoro, ambako mfugaji hutembea saa nyingi kufika kituo cha afya. Hapo halmashauri hutegemea rejesta za kliniki: nani kapimwa, nani kachukua dawa, nani hakurudi. Hesabu hizo huingizwa kila mwezi kwenye mfumo wa DHIS2. Zinazotumwa huko ni idadi, si majina. Kwa idadi hizo hupangwa bajeti ya mwaka unaoanza Julai.

Tatizo huanza kiangazi. Mtu akihama na mifugo na kuchukua dawa kwingine bila barua ya uhamisho, kituo cha zamani humwandika mtoro, kipya humhesabu mgeni. Dawa zinabaki huku, zinapungua kule, na nauli ya mhudumu inaishia kumtafuta mtu asiyepotea. Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, hasara hiyo inauma zaidi.

Kabla ya kuhama, mwambie muuguzi. Anayeendelea vizuri anaweza kupewa dawa za miezi mitatu hadi sita. Kadi isafiri nawe.