Mugango: Ziwa Juu ya Uwanda
Ufuko wa Mugango, kando ya Ziwa Victoria karibu na mji wa Musoma nchini Tanzania, uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ingawa mgeni anayeteremka ziwani hudhani amefika bondeni. Ziwa Victoria limetanda juu ya uwanda ulio katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, yaani mpasuko mkubwa wa ardhi ya Afrika Mashariki, na ardhi ya magharibi ilipoinuka, mito iliyokuwa ikielekea huko ilizuiwa, maji yakajikusanya katika sinia hili pana lenye kina kisichozidi sana mita 80. Tofauti na sehemu nyingine za Tanzania ni kubwa: Ziwa Tanganyika, lililomo ndani ya mkono wa magharibi, lina kina cha mita 1,470, hivyo sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari, ilhali Kilimanjaro, mlima wa volkano, hufikia mita 5,895.

Majabali yaliyobebana kandokando ya Musoma ni ya graniti, mwamba uliotokana na mawe yaliyoyeyuka kwa joto kisha yakaganda polepole chini ya ardhi, nayo ni sehemu ya kiini kigumu cha bara chenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Ziwa lenyewe ni changa mno likilinganishwa nayo, kwani lilikauka karibu lote zaidi ya miaka 15,000 iliyopita kabla ya kujaa tena. Leo maji yake husukumwa kwa mabomba kutoka Mugango hadi maeneo ya Kiabakari na Butiama.