Kuwapeleka watoto kwenye bustani za michezo: namna ya kupanga safari ukitokea Isikizya

Kila shule zinapokaribia kufungwa, swali hurudi: mzazi wa Isikizya, Uyui, afanyeje ili watoto nao waone mabembea ya umeme, mitelezo ya maji na bahari wanayoisikia redioni? Swali hili linahusu fedha nyingi, kwa sababu bustani kubwa za michezo za nchi yetu ziko Dar es Salaam. Linahusu pia usalama, kwa sababu watoto wengi wa huku hawajawahi kuingia kwenye bwawa la kuogelea.

Katika makala haya tunaeleza hatua kwa hatua: wapi pa kwenda, lini, kwa usafiri gani, kwa fedha kiasi gani, na jinsi ya kuwalinda watoto. Jambo la kushika mapema ni moja. Kiingilio cha getini ni sehemu ndogo ya gharama. Familia nyingi hukwama kwa sababu zilihesabu kiingilio na nauli ya kwenda, zikasahau siku zilizobaki na safari ya kurudi.

Anza na ukubwa wa safari

Kuna safari za aina tatu, na familia ichague inayolingana na mfuko wake.

Ya kwanza ni ya siku moja, kwenda Tabora mjini na kurudi. Mjini kuna bustani ya wanyamapori iliyo chini ya TAWA, ambako mtoto anaweza kuwaona wanyama kwa karibu. Nje kidogo ya mji kuna Kwihara, yenye makumbusho ya tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Safari hii inataka nauli ya hiace, viingilio, chakula na maji. Kwa watoto wadogo inatosha kabisa, tena hawachoki.

Ya pili ni ya Nanenane. Mwanzoni mwa Agosti, viwanja vya Ipuli mjini Tabora hupokea maonesho ya wakulima ya Kanda ya Magharibi. Maonesho ya namna hii huvutia pia wenye michezo ya watoto, na mzazi anajifunza kilimo wakati watoto wanaburudika. Tahadhari yake ni msongamano.

Ya tatu ndiyo kubwa, yaani Dar es Salaam. Huko kuna Kunduchi Wet 'n' Wild, yenye mabwawa na mitelezo ya maji, iliyoko ufukweni Kunduchi kaskazini mwa jiji. Kuna pia Fun City upande wa Kigamboni, yenye mabembea ya mashine na michezo ya maji. Kigamboni kunafikika kwa kivuko cha Magogoni au kwa Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016. Chagua bustani moja tu. Familia inayotaka kuziona zote mbili katika siku chache itatumia muda wake mwingi kwenye foleni za magari.

Lini kusafiri

Mkulima wa Uyui hawezi kufuata kalenda ya mtu wa mjini. Likizo ya Desemba huangukia wakati wa kupanda na palizi, na Januari inakuja na sare, madaftari na michango. Aprili na Mei ni masika katika pwani, na mvua kubwa zimewahi kukata njia ya reli kati ya Morogoro na Dodoma.

Likizo ya katikati ya mwaka, yaani Juni hadi mwanzo wa Julai, ndiyo inayofaa zaidi. Mavuno yameingia, mvua hakuna, na Dar es Salaam joto limepungua. Uliza shuleni tarehe kamili za kufunga na kufungua kabla ya kukata tiketi.

Hesabu hii ya majira si ngeni huku kwetu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya Unyanyembe na Bagamoyo katika karne ya 19 walipenda kusafiri wakati wa kiangazi, ili wawahi mashamba yao mvua zinapoanza. Msafara wa Henry Morton Stanley mwaka 1871 ulitumia takriban miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi hapa. Leo njia ni fupi, lakini shamba bado lina saa yake.

Kwa wakulima wa tumbaku na pamba tunaongeza onyo moja: usipange tarehe kwa fedha ambazo bado hazijaingia. Malipo ya AMCOS yanaweza kuchelewa. Subiri yaingie, kisha tenga kwanza fedha za mbolea, mbegu, deni na akiba ya chakula. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha safari. Kama hakibaki kitu, fanyeni safari ya siku moja Tabora mjini, na anzeni kibubu cha mwakani.

Usafiri: njia tatu za kufika Dar

Basi hutoka Tabora alfajiri na kufika kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Kwa kuwa ni safari ya kutwa nzima, walaze watoto mjini usiku uliotangulia kama hakuna usafiri wa uhakika wa kutoka Isikizya usiku. Ukishuka Mbezi Luis usiku na watoto, usianze kutafuta pa kulala hapo hapo. Mwenyeji awe anakungoja, au chumba kiwe kimeshalipiwa karibu.

Treni ya reli ya zamani, iliyofika Tabora mwaka 1912, ni safari ya takriban kilomita 840 hadi Dar. Huchukua usiku na mchana, na haitoki kila siku, hivyo uliza stesheni ya Tabora ratiba ya wiki husika. Faida yake ni nafasi: mtoto anaweza kunyoosha miguu, na behewa la kulala humpumzisha.

Njia ya tatu ni kwenda kwa basi hadi Dodoma, kisha kupanda treni ya umeme ya SGR, ambayo ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Kutoka Dodoma hadi Dar ni kama saa nne au pungufu. Kwa watoto wengine treni hii yenyewe ni burudani. Stesheni ya SGR Dodoma si ile ya reli ya zamani, kwa hiyo tenga nauli ya bajaji. Fika mapema ukiwa na kitambulisho, maana abiria na mizigo hukaguliwa. Ulizia pia mizigo inayoruhusiwa kabla hujafunga gunia la karanga la shangazi wa Dar.

Hesabu ya fedha

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Chukua daftari, baba na mama mkae pamoja, mwandike mistari hii:

1. Nauli ya kwenda, kila mtu kwa umri wake.
2. Nauli ya kurudi.
3. Malazi, au zawadi na mchango wa chakula kwa mwenyeji.
4. Chakula na maji, kwa kila siku, pamoja na siku za njiani.
5. Daladala na bajaji ndani ya jiji.
6. Kiingilio cha bustani, na michezo inayolipiwa ndani.
7. Akiba ya dharura, walau moja ya kumi ya jumla yote.

Tuchukue mfano wa SGR. Nauli ya kawaida ya Dodoma hadi Dar iliyotangazwa na LATRA mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 alilipa nusu, na wa chini ya miaka 4 hakulipa. Baba, mama, mtoto wa miaka 9, wa miaka 6 na wa miaka 2 wangelipa 62,000 kwa wakubwa na 31,000 kwa watoto wawili, jumla 93,000. Kwenda na kurudi ni 186,000, na hapo basi la Tabora hadi Dodoma bado. Nauli hubadilika, kwa hiyo hakikisha ya sasa, lakini hesabu ifanyike namna hiyo hiyo.

Fedha ya kurudi iwekwe kando siku ya kwanza. Bora kukata tiketi za kurudi mapema, au kuiacha fedha hiyo kwenye simu ya mzazi asiyeshika matumizi ya kila siku.

Kuhusu mwenyeji, mwambie mapema mtakuwa wangapi na mtakaa siku ngapi. Chumba kimoja cha Mbagala au Tandale hakipokei watu sita kwa kushtukizwa. Asali, karanga na mchele kutoka nyumbani vitapunguza mzigo wake.

Piga simu kabla ya kuondoka

Bustani hufunga baadhi ya siku, hukodishwa kwa sherehe, na mashine huharibika. Piga simu na uulize mambo matano: mnafungua siku gani na saa ngapi? Kiingilio cha mkubwa na mtoto ni kiasi gani, na umri au urefu gani huhesabiwa mtoto? Kiingilio kinajumlisha michezo yote? Chakula cha kutoka nje kinaruhusiwa? Mavazi gani yanatakiwa majini?

Hilo la mwisho msilidharau. Mabwawa mengi hukataa jinzi, kanga na nguo zinazopwaya, kwa sababu hunasa kwenye mitelezo. Taiti na fulana ya kubana vinaweza kukubalika na vina stara.

Usitume fedha kwa namba ya mtu binafsi anayejiita wakala wa tiketi, hata kama ana picha nzuri mtandaoni. Tiketi za treni zilipiwe kwa kumbukumbu namba ya malipo, na kiingilio kilipwe getini au kwa namba ya biashara. Kabla ya kubonyeza namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu.

Siku yenyewe

Nendeni siku ya kazi badala ya Jumamosi au sikukuu, na fikeni milango inapofunguliwa. Kwa Kunduchi, daladala za barabara ya Bagamoyo hupita Mtongani, na kutoka hapo bajaji humalizia. Watoto wale kabla ya kuingia. Anzeni na michezo midogo, na jua la mchana liwakute kivulini. Mtoto mwenye ualbino avae mikono mirefu na kofia pana, na apakwe mafuta ya kukinga jua.

Majini, kanuni ni hizi:

- Kila mtoto asiyejua kuogelea awe na mtu mzima anayeweza kumfikia kwa mkono. Mtu mzima huyo asishike simu.
- Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hutulia, kichwa kikishuka na kupanda. Kimya cha mtoto ni ishara ya hatari.
- Boya la plastiki la kuchezea haliokoi maisha. Omba jaketi okozi linalomkaa vizuri.
- Kama huoni sakafu ya bwawa kwa uchafu, msiingie.
- Mtoto anayeharisha asiingie majini.
- Bahari si bwawa. Maji hujaa na kupwa, na huvuta. Watoto wasioga baharini bila mtu mzima anayejua kuogelea na kuufahamu ufukwe huo.

Mtoto akitolewa majini hapumui, mwite mwokoaji na mtu mwingine apige simu 112. Msimning'inize kichwa chini. Mlazeni chali mahali pagumu, mpulizieni pumzi mdomoni na kumkandamiza kifuani, na msiache hadi msaada ufike.

Asipotee mtoto

Asubuhi, wapige watoto picha wakiwa wamevaa nguo za siku hiyo. Andika namba mbili za simu kwenye karatasi, uifunge kwenye nailoni na kuiweka mfukoni mwa kila mtoto. Anayeweza kukariri azikariri. Mkiingia, onyesheni mahali pamoja pa kukutania, kwa mfano getini, na mfundishe mtoto kumwendea mfanyakazi mwenye sare. Akikosekana, mzazi mmoja abaki pale alipoonekana mara ya mwisho, mwingine awahi getini na kuwaambia walinzi wasimruhusu mtoto kutoka. Msaada wa watoto hupatikana pia kwa kupiga 116 bila malipo.

Vya kubeba

Chandarua, kwa kuwa malaria ipo Dar pia. Kadi za bima ya afya. Dawa za anayetumia dawa, za siku zote pamoja na mbili za ziada. Sweta za watoto, kwa sababu alfajiri ya Juni Tabora ni baridi. Chumvi sukari ya kuharisha. Pawabenki, na namba muhimu zilizoandikwa kwenye karatasi endapo simu itazima.

Mwisho, kaeni kikao cha familia kabla ya kulipia chochote. Watoto waambiwe mapema mtaenda wapi, mtakaa siku ngapi, na kila mmoja ana kiasi gani cha kununulia anachopenda. Mtoto aliyeelezwa hali ya mfuko hasumbui getini, na mzazi aliyekwisha kulipia safari ya kurudi huweza kukaa kando ya bwawa akiwaangalia watoto wake, bila kuhesabu noti mfukoni.