Marumaru Isiyo Marumaru

Neno marumaru tulilipata kwa Waarabu, nao wanasema marmar, na nyuma ya Waarabu wako Wagiriki. Safari ndefu namna hiyo, halafu ingia leo duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam uulize marumaru: utaonyeshwa vigae vya udongo vilivyochomwa kiwandani. Hakuna aliyekudanganya. Lugha yenyewe ilishakubali kwamba kinachofanana na marumaru kiitwe marumaru. Basi mama anayejenga Lodwar, akamwambia fundi anataka kaunta ya jikoni "ikae kama marumaru", hajaanzisha jambo jipya.

Hata Waitaliano, wenye marumaru ya kuuza dunia nzima, waliiga. Karne ya 17 mafundi wa Carpi walisaga jasi, wakaichanganya na gundi na rangi, wakaisugua mpaka ikang'aa kama jiwe. Pwani yetu, matajiri wa Lamu na Pate wa karne ya 18 walichoma matumbawe wapate chokaa, wakapiga lipu nyeupe laini na kuichonga zidaka. Kisha viwanda vikaingia. Formica ilibuniwa Marekani mwaka 1912, tena kwa ajili ya vifaa vya umeme, wala si jikoni. Mwaka 1967 kampuni ya DuPont ikabuni Corian, plastiki ngumu iliyochanganywa na unga wa madini. Miaka ya 1970 kampuni ya Breton ya Italia ikapata njia ya kushindilia chembe za kwatsi kwa gundi ya plastiki, na humo ndimo zinamotoka zile kaunta nyeupe zenye michirizi ya kijivu tunazoziona kwenye simu.

Sasa njoo Turkana. Usiseme haraka kwamba kaunta ya jiwe ni kitu cha wageni huku. Magharibi ya ziwa, mahali paitwapo Lomekwi, watafiti walioongozwa na Sonia Harmand walipata mwaka 2011 zana za mawe za miaka milioni 3.3. Kati yake yamo mawe makubwa, mengine ya kilo 15 hivi, yaliyotandikwa chini ili juu yake pagongwe mawe mengine. Kama hiyo si meza ya kazi, sijui meza ni nini. Na jiwe la kusagia mtama wa kando ya Turkwel halijawahi kuhitaji karatasi ya kuliremba.

Kilichokuja kutoka nje ni kimo. Kwa Waturkana mwanamke ndiye hujenga, akai ya kulala na ekol ya mchana, na chakula hupikwa chini, mpishi amekaa. Kaunta inamtaka asimame. Ilikuja pole pole, na nyumba za misheni na za serikali. Barabara ya kutoka Kitale, iliyojengwa kwa msaada wa Norway miaka ya 1980, ikaleta malori ya simiti. Mwaka 2012 mafuta yakapatikana Ngamia 1, mwaka 2013 Lodwar ikawa makao makuu ya kaunti, na watu wenye mishahara wakaanza kujenga vyumba vya mawe vyenye jiko ndani. Hapo ndipo swali la marumaru likaingia mlangoni.

Marumaru halisi haifai huku, na si kwa bei tu. Ni chokaa iliyoiva chini ya ardhi, na chokaa haipatani na asidi. Ndimu huiachia doa, ukwaju vilevile, na katika nyumba ya wafugaji kuna maziwa lala kila siku. Yakimwagika usiku, asubuhi mng'ao umeliwa. Kwatsi ya kiwandani haisumbuliwi na maziwa, ila gundi yake haipendi sufuria ya moto, na jua la Lodwar huibadilisha rangi ukiiweka jiko la nje. Ile karatasi ya kubandika yenye michirizi ni rahisi kuliko zote. Joto likizidi gundi hulegea, pembe zikainuka, mende wakahamia. Nawaelewa wanaoinunua, maana ni ya kodi ya nyumba, utahama nayo moyoni tu.

Kwangu mimi terazo ndiyo imedharauliwa bure. Ni simiti nyeupe na kokoto za marumaru, kama zile za Kajiado, humwagwa papo hapo kisha husagwa kwa mashine. Kati ya hizi za kuiga, ndiyo yenye marumaru ya kweli ndani. Asidi huidhuru nayo, lakini fundi yule yule anaweza kurudi akaisaga upya. Watu huikataa kwa sababu inawakumbusha sakafu ya shule.

Lakini kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Marumaru ina silika kidogo mno. Graniti huwa nayo hadi kama theluthi, na kwatsi ya kiwandani hupita asilimia 90. Ukiikata kwa grenda bila maji, vumbi lake huingia mapafuni na kuyakakamaza. Ugonjwa huo ni silikosisi, na hauna tiba. Uliwakamata wakataji vijana Israel, Hispania na Australia, mpaka Australia ikapiga marufuku mawe hayo tarehe 1 Julai 2024. Lodwar shimo la sinki hukatwa uani, kijana amejifunga leso puani, na upepo unamsaidia kulimeza vumbi.

Kakuma, kilomita 120 hivi mbele, hesabu ni nyingine. Kambi ilianza 1992 kama mahali pa kupita, na nyumba ya kupita haimwagiwi terazo. Ukuta ni wa tope, juu mabati, na meza hutandikwa plastiki yenye picha ya marumaru, hununuliwa kwa mita. Kalobeyei, iliyofunguliwa 2016 ili wakimbizi na wenyeji waishi pamoja, imeleta nyumba za matofali, na ndani ya baadhi ya nyumba za namna hiyo utaona rafu ya simiti iliyosuguliwa, imepakwa rangi nyeupe. Juu yake kuna jiko la makaa. Aliyeijenga aliipima kwa kiuno chake.