Mgongano, Gereji na Bima: Historia Fupi ya Madai ya Ajali za Magari Mtwara na Ukanda wa Mto Ruvuma

Historia ya madai ya bima ya magari Mtwara inaanzia kwenye reli iliyofungwa. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947. Mradi ulianguka, na reli ikafungwa mwaka 1962. Tangu hapo korosho zilitegemea malori, na msimu wa mauzo ukawa pia msimu wa barabara kuelemewa.

Sheria iliyowakuta wenye malori hayo, ambayo leo ni Sura ya 169, ilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1930. Ililazimisha bima dhidi ya kifo au jeraha la mtu mwingine. Bati halikuingia katika ulazima huo. Kwa mwenye gari lililogongwa pasipo kosa lake, tofauti hii ilikuwa kubwa: aliyejeruhiwa alilindwa na sheria, lakini taa na bodi vilitegemea mkataba wa aliyemgonga au uwezo wa mfuko wake. Humo ndimo ulimokita mizizi mgawanyo ambao watu huuita bima ndogo na bima kubwa.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lilibaki peke yake sokoni. Ni rahisi kulilaumu ukiritimba huo kwa kila cheleweshaji, lakini lawama hiyo haitoshi. Katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu na mfumuko wa bei ulifikia takriban asilimia 30 kwa mwaka. Fidia iliyokadiriwa kwa bei za leo ililipia vipuri kwa bei za kesho, kama vilipatikana. Fundi alinyoosha, akachomelea, akachonga. Hundi haikuweza kuzaa kioo cha mbele.

Umbali nao ulikuwa na gharama yake. Dar es Salaam iko takriban kilomita 560 kutoka Mtwara, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko. Mvua zilipokata barabara, vipuri na mtathmini wote walisubiri upande wa pili. Kwa hiyo desturi ya madereva kumalizana palepale barabarani haipaswi kusomwa kama ujinga wa sheria. Ilikuwa hesabu: lori lililosimama msimu wa korosho lilipoteza zaidi ya thamani ya bamba lililopinda. Hata hivyo hesabu hiyo ilikuwa na mtego. Chasisi iliyopinda huonekana gari likishafunguliwa gereji, na mikataba ya bima kwa kawaida humkataza mteja kukiri kosa au kuahidi malipo bila ridhaa ya kampuni. Aliyemalizana mapema aliweza kujikuta hana dai wala mdaiwa.

Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilifungua soko kwa kampuni binafsi. Ile ya mwaka 2009 iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima na kuweka utaratibu wa usuluhishi wa migogoro nje ya mahakama. Hatua za kwanza za dai, hata hivyo, zilibaki mikononi mwa polisi: mchoro wa eneo la ajali, ukaguzi wa gari, na fomu ya PF3 kwa majeruhi. Gari lililotengenezwa kabla ya kukaguliwa na kutathminiwa hupoteza ushahidi wake mwenyewe.

Mpakani tatizo lina sura nyingine. Daraja la Umoja la Mtambaswala lilifunguliwa mwaka 2010, na Kilambo kuna kivuko kilicho karibu zaidi na mlango wa Ruvuma. Kadi ya Manjano ya COMESA, inayomlinda dereva wa Tanzania akiwa Kenya, Malawi au Zambia, haitumiki Msumbiji. Anayevuka mto hulazimika kukata bima upya ng'ambo, na akigongana huko, dai lake hushughulikiwa kwa Kireno.