Kutoka Visiwa vya Uhamisho hadi Visiwa vya Watalii: Faida, Gharama na Usimamizi wa Utalii Shelisheli

Kwa Mganda au Mnyoro, jina la Shelisheli halikuanza na utalii. Mwaka 1899 Waingereza waliwakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, na baadaye wakawapeleka uhamishoni katika visiwa hivyo. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, lakini akafariki Jinja kabla ya kufika kwao. Wakoloni walivichagua visiwa hivyo kwa sababu vilikuwa mbali na kila mahali. Katika insha hii nadai kwamba umbali huohuo ndio uliogeuzwa kuwa bidhaa, na kwamba tangu hapo Shelisheli imekuwa ikitafuta jibu la swali moja: wageni wangapi wanatosha?

Hadi miaka ya 1960, wenyeji waliishi kwa mbata, mdalasini na uvuvi. Msafiri alifika kwa meli, kwa mfano zile zilizosafiri kati ya Mombasa na Bombay. Mwaka 1971 uwanja wa ndege wa kimataifa ulifunguliwa katika kisiwa cha Mahé. Kabla ya muongo huo kwisha, wageni walizidi 70,000 kwa mwaka, idadi iliyowapita wananchi wenyewe. Mwaka 2019 walizidi 380,000 katika nchi yenye watu wapatao 100,000.

Faida zake haziwezi kubezwa. Utalii ulileta ajira na fedha za kigeni ambazo mbata isingeweza kuleta. Leo Shelisheli ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye pato kubwa zaidi kwa kila mtu, na Serikali imeweza kugharimia elimu na matibabu ya umma.

Hata hivyo, gharama zilianza siku ileile. Njia ya ndege ilijengwa kwa kujaza bahari ufukweni, juu ya miamba ya matumbawe. Vijana walihama mashamba wakaenda hotelini na kwenye ujenzi. Kwa kuwa chakula kingi huagizwa kutoka nje, sehemu ya fedha za mgeni huondoka kumlipa mkulima wa nchi nyingine.

Gharama kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni utegemezi. Novemba 1981 mamluki walioongozwa na Mike Hoare waliingia nchini wakijifanya watalii, silaha zikiwa zimefichwa katika mizigo yao. Walishindwa kuipindua serikali, lakini mapigano ya uwanjani yaliwatisha wageni wa kweli, na idadi yao ikashuka sana. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulifanya vivyo hivyo: wageni hawakufika 120,000. Mwenye mlango mmoja, ukifungwa, hana pa kutokea.

Je, wamejisimamiaje? Hapa ndipo historia yao inapofundisha. Mwaka 1968, kabla hata ya uwanja wa ndege, kisiwa kidogo cha Cousin kilinunuliwa ili kumwokoa ndege mdogo aliyekuwa amebaki chini ya 30. Minazi ya biashara iliachwa ikaupisha msitu wa asili, na ndege hao wakaongezeka. Leo wageni huingia kwa saa maalumu, wakiwa na viongozi wao, na ada zao hulipia ulinzi wa kisiwa. Vivyo hivyo, viingilio vya msitu wa Vallée de Mai, kisiwani Praslin, husaidia kulinda Aldabra, kisiwa cha mbali chenye kobe wakubwa ambacho watalii wachache tu hufika. Mwaka 2015 Serikali ilisimamisha vibali vipya vya hoteli kubwa katika visiwa vikuu. Mwaka 2020 ilikamilisha kutenga asilimia 30 ya bahari yake kuwa hifadhi, na mwaka 2023 ilianza kumtoza mgeni ushuru wa mazingira kwa kila usiku anaolala.

Naona hatua hizi zina udhaifu mmoja: nyingi zilikuja baada ya hoteli kujengwa. Cousin ilifaulu kwa sababu mipaka iliwekwa kabla ya wageni kufika.

Jambo hili linatuhusu sisi Uganda. Katika visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria, sehemu ya misitu ya Bugala imekwisha kukatwa ili kupanda michikichi, na fukwe zake zinawavutia wawekezaji wa hoteli. Tunaweza kuuliza sasa, wakati bado kuna msitu wa kulinda, wageni wangapi wanatosha, na nani atakula jasho lao. Shelisheli iliwafunga wafalme wetu kwa amri ya wageni. Haitatudhuru kujifunza kwake kwa hiari yetu.